Oncotype DX kwa mgonjwa wa Mwanza: kipimo kizuri, tatizo ni kopo

Kipimo hiki husoma jeni 21 za uvimbe wa titi, 16 za saratani na 5 za kulinganishia, kisha hutoa alama kati ya 0 na 100. Kinamfaa mwenye saratani ya awali yenye vipokezi vya homoni (protini za seli zinazonasa homoni) na isiyo na HER2 (protini nyingine inayochochea uvimbe) kwa wingi. Wengine wasipoteze hela.

Thamani yake iko kwenye daraja la 2 la ukali wa saratani, kati ya matatu, pale darubini inapoyumba: mtaalamu mmoja anasema 2, mwenzake anasema 3. Utafiti wa TAILORx wa 2018 ulionyesha kuwa aliyevuka miaka 50, tezi za kwapa zikiwa safi na alama haizidi 25, haongezewi kitu na tibakemikali. Nywele zimepona, na mfuko pia.

Sasa kopo la kubebea nyama ya uvimbe. Nyama hiyo ikikatwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ikapanda meli kuja Mwanza ikiwa nzima, formalini, dawa ya kuihifadhi, hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa; katikati huoza na RNA, nakala za jeni ambazo kipimo husoma, hukatika. Uvimbe upasuliwe vipande ndani ya saa 1, uzamishwe kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kizuia asidi), mara 10 ya ujazo wake, kwa muda wa saa 6 hadi 72. Kopo la mdomo mwembamba ni balaa: nyama laini huingia, ikikakamaa haitoki.

Kinachosafirishwa Marekani ni kipande cha nta chenye nyama ya uvimbe ndani. Bei ni maelfu ya dola, kwa hiyo majibu ya vipokezi yatangulie malipo.