Metro ya Dubai, kwa anayetaka kuishi bila gari

Shangazi zangu wa Likoni, Mombasa, wakinipigia simu, wakishamaliza salamu huuliza: "Bado hujanunua gari?" Kwao, mtu aliye Dubai bila gari bado hajafika. Mimi niko hapa tangu 2019, kwenye ofisi ya mizigo Deira, karibu na Baniyas Square, tunakopakia shehena za Mombasa na Dar es Salaam. Nalala Al Qusais. Gari sina na silitaki, na mwenye kunipa uhuru huo ni metro, yaani treni za mjini.

Mji huu ulijengwa kwa ajili ya gari. Barabara ya Sheikh Zayed ni pana kiasi kwamba mtu wa miguu hawezi kuikata popote. Lazima atafute daraja, na mara nyingi daraja lenyewe ni lile la stesheni ya metro. Mgeni asipoelekezwa anaweza kumaliza mwaka mzima akidhani hakuna njia nyingine.

Mimi sikuelekezwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipanda gari la mtu binafsi, sisi sita ndani, dirham 350 kwa mwezi. Akichelewa mmoja tumechelewa sote. Jioni moja ya Agosti dereva alizima simu, nami nikasimama kando ya barabara tangu magharibi mpaka isha, nguo imenigandia mwilini, nisijue pa kushika. Dada mmoja Mfilipino wa duka la jirani ndiye aliyenichukua mpaka stesheni, akanionyesha mashine ya kadi, akanisubiri mpaka nikapita getini. Tangu siku ile sijamlipa mtu pesa ya lifti.

Kadi inaitwa Nol. Ile ya kawaida, ya rangi ya fedha, unainunua dirham 25, na ndani yake unakuta 19 za kusafiria. Safari ndani ya eneo moja la nauli ni dirham 3, maeneo mawili yanayopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7.50 hata ukienda mwisho wa mji. Lililonishangaza mimi mtoto wa matatu ni hili: ukishuka kwenye basi ukaingia kwenye treni kabla ya nusu saa kupita, inahesabiwa safari ileile moja. Kwetu ukivuka Feri ukapanda gari la Bamburi, ni nauli nyingine. Na mvua ikinyesha hapa nauli haipandi. Mtu aliyewahi kusimama stejini siku ya mvua anajua jambo hilo lina uzito gani.

Laini Nyekundu ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, na ile ya Kijani, ninayopanda mimi, miaka miwili baadaye tarehe iyo hiyo. Treni hazina dereva. Asubuhi naingia behewa la wanawake na watoto. Sakafuni kuna mstari wa waridi, na mwanamume akiuvuka anatozwa faini ya dirham 100. Sitaki kulipitia jambo hili haraka. Nimekulia kwenye matatu ya kubanana, mkoba kifuani, viwiko tayari. Hapa nasimama mikono ikiwa imetulia. Wiki iliyopita mbele yangu alikuwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, amelaza kichwa kwenye kioo, na kando yake mama wa Kihabeshi akimsuka mwanawe nywele, akimalizia mkia wa mwisho huku treni inapita ubavuni mwa uwanja wa ndege. Tulipotoka stesheni ya Abu Baker Al Siddique treni ikazama chini ya ardhi, mtoto akajiona ghafla kwenye kioo cheusi, akashika ile mikia yake mipya akacheka. Mtu aliyeko kwenye foleni ya magari asubuhi anaona taa za breki tu.

Gharama nazo zipo wazi. Wenzangu ofisini wenye magari wanalipa Salik, ushuru wa barabara, kila wakipita geti: dirham 4, na tangu Januari 2025 ni 6 saa za msongamano. Bado mafuta, bima, na kuzunguka Deira kutafuta pa kuegesha. Mmoja wao huwahi kutoka nyumbani kuliko mimi na bado tunaingia ofisini pamoja.

Upungufu upo, na anayekuja kwa kunisikiliza mimi lazima aujue. Kwanza joto. Ndani ya treni kuna baridi nzuri, vituo vingi vya basi pia vina kiyoyozi, lakini kutoka kituoni mpaka mlangoni pako mwezi wa Julai ni adhabu. Pili, reli haifiki kila mahali. Haifiki Sharjah, wala mtaa wa International City, ambako watu wetu wengi wanaishi kwa sababu kodi ni nafuu. Kwa ajili ya International City inajengwa Laini ya Bluu, kilomita 30 na vituo 14, na imepangiwa kufunguliwa Septemba 2029. Tatu, Jumapili treni zinaanza saa mbili asubuhi, ilhali siku nyingine ni saa kumi na moja alfajiri. Mwenye zamu ya mapema Jumapili ajipange na basi. Na katika mafuriko ya Aprili 2024 baadhi ya vituo vya Laini Nyekundu vilifungwa kwa wiki kadhaa, ingawa wiki ileile mtaani kwetu magari yalikaa majini mpaka kwenye vioo.

Kwa hiyo shauri langu kwa mgeni ni moja: tafuta stesheni kwanza, nyumba baadaye. Kabla ya kusaini mkataba, nenda uutembee ule mwendo saa nane mchana. Ukifika mlangoni umechoka sana, acha nyumba hiyo hata kama kodi ni rahisi, maana utaishia kwenye mkopo wa gari.

Mama yangu alikuja kunitembelea mwaka jana. Tulipanda treni, akakaa, akaangalia mbele, akaangalia nyuma. "Mwanangu, dereva yu wapi?" Nikamwambia hakuna. Akapiga Bismillahi, akanishika mkono vituo vitatu, kisha akauachia akaanza kutazama nje. Tukashuka Al Ras, tukatembea mpaka ukingoni mwa Khor, mkono wa bahari unaoukata mji, kupanda abra, ile mashua ya mbao ya kuvukia upande wa Bur Dubai, dirham moja, unampa nahodha mkononi. Abra na abiria ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na mama, aliyevuka Feri ya Likoni maisha yake yote, hakuhitaji maelezo. Alikaa kwenye ubao, akaweka viatu vyake sawa, upepo ukampepea buibui.

Siku yake ya mwisho nilimuuliza anataka kwenda duka gani. Akasema hataki duka. Aliniomba dirham mbili, moja ya kwenda, moja ya kurudi.