Zana za nyaraka kwa mradi wa chanzo huria: ipi ianze, ipi isubiri

Mwaka 2017 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, iliwauliza watu wa miradi ya chanzo huria kuhusu kero zao, na 93% wakasema wanakutana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati. Katika uchunguzi huohuo, 60% ya wachangiaji walisema hawaandiki nyaraka kabisa au huandika kwa nadra. Ndiyo maana kila zana ninaipima hivi: nampa mtu mgeni ukurasa wenye kosa moja la tahajia, kisha nahesabu hatua atakazopitia mpaka kosa lirekebishwe. Uzuri wa rangi na menyu nauangalia mwishoni.

Lakini kabla ya zana, panga ulichonacho. Hamisha nyaraka zilizovurugika kwenye tovuti mpya na utakuwa umechota maji kwa pakacha. Mpango ninaoutegemea ni Diátaxis wa Daniele Procida, unaogawa nyaraka mafungu manne: mafunzo ya kumwongoza anayeanza, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kutafutia taarifa mahususi, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako yalivyo. Msimamizi wa seva anayetafuta namna ya kurudisha nakala ya hifadhidata usiku wa manane anahitaji amri tano zilizopangwa kwa mfuatano. Ukimwekea kwanza aya sita za sababu za kuchagua hifadhidata hiyo, umemkwamisha, hata kama kila sentensi ni ya kweli. Aya hizo zihamishie kwenye ufafanuzi, umwachie kiungo.

1. MkDocs. Kwa miradi mingi ningeanzia hapa. Unaandika faili za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), unaweka mipangilio kwenye faili moja iitwayo mkdocs.yml, nayo inakutolea tovuti ya kurasa tuli, yaani kurasa zilizokwisha kuandaliwa kama faili. Ukiendesha `mkdocs serve`, kila unapohifadhi faili unaona ukurasa ukibadilika kwenye kivinjari. Kwa kuwa faili zinakaa kwenye Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya faili, pamoja na msimbo, anayebadilisha tabia ya programu anaweza kudaiwa arekebishe maelezo yake katika ombi lilelile la mabadiliko. Hilo peke yake linaokoa nyaraka nyingi zisichakae. Udhaifu wake ni kutunza nyaraka za matoleo mbalimbali ya programu na tafsiri zake: vyote viwili vinahitaji nyongeza.

2. Sphinx. Ilizaliwa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya programu ya Python, na leo Django (mfumo wa kujengea tovuti) na kiini cha Linux vinaitumia. Kama mradi wako ni maktaba ya Python, ipandishe iwe ya kwanza bila kusita: inavuta maelezo kutoka ndani ya msimbo wenyewe, inakuonya rejeo la ndani linapoelekea pasipokuwepo, na inatoa faili za kuwapa wafasiri. Kinachoishusha ni lugha yake ya kawaida, reStructuredText. Tazama kiungo kimoja tu:

`` `mwongozo <https://example.org>`_ ``

Sahau nafasi kabla ya alama ya `<`, au ule mstari mdogo wa mwisho, na kiungo kinaharibika. Nimeona watu wenye nia njema wakiacha marekebisho yao njiani kwa jambo dogo kama hilo. Nyongeza ya MyST inakuwezesha kuandika kwa Markdown ndani ya Sphinx. Iweke tangu siku ya kwanza.

3. Wiki. Kwa kipimo changu cha kosa la tahajia, wiki inazishinda zote: bonyeza hariri, rekebisha, hifadhi. ArchWiki, wiki ya mfumo wa Arch Linux inayotumia MediaWiki (programu inayoendesha Wikipedia), inaonyesha jamii inaweza kufika wapi kwa njia hiyo. Kwa mradi mdogo chukua DokuWiki, ambayo haihitaji hifadhidata; kurasa zake ni faili za maandishi, na nakala ya akiba ni kunakili folda. Nimeiweka ya tatu kwa sababu wiki haifuati matoleo ya programu, na pasipo walezi wanaopitia mabadiliko kila mara, taka za matangazo huingia.

4. Docusaurus. Kazi ya Meta, imejengwa kwa React, maktaba ya JavaScript, na matoleo na tafsiri vimo ndani yake tayari. Ila kila toleo jipya hunakili folda nzima ya nyaraka, hivyo kosa lililomo katika matoleo matano hurekebishwa mara tano. Ichague kama timu yako inaishi kwenye JavaScript.

5. Huduma za kulipia. Nyingi hutoza kwa kila mhariri, na jamii ya kujitolea haina idadi maalumu ya wahariri. Kabla ya kujisajili, jaribu kutoa kurasa zako zote kwa Markdown, picha zikiwemo. Ikishindikana, ondoka.

Kuhusu gharama: GitHub Pages na Read the Docs huhifadhi nyaraka za miradi ya wazi bila malipo, ingawa ya pili huweka matangazo. Kitu ambacho ningekitolea pesa bila kusita ni jina la kikoa, ili mkihamisha tovuti viungo vilivyosambaa kwingineko viendelee kufanya kazi. Lisajili kwa akaunti ya mradi, na ufunguo wa akaunti hiyo wawe nao watu wasiopungua wawili.