Chupa nne za 1996 kwa usiku mmoja, na shampeni ndiyo iliyonimaliza

Hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima, wacha niiandike kabla ladha haijanitoka mdomoni. Tulikuwa watu sita, wote wapenzi wa waini kweli kweli, tukakubaliana tufungue chupa nne, zote mavuno ya 1996, zote za Ufaransa: shampeni ya Dom Pérignon, nyeupe moja ya Burgundy, nyekundu ya Château Lynch-Bages kutoka Pauillac kule Bordeaux, halafu ya kufungia Château d'Yquem, ile tamu ya Sauternes. Tatu nazisifu bila kumung'unya maneno, moja ilituumiza roho na nitaisema, ila jina la aliyeitengeneza nabaki nalo.

Naanza na Dom Pérignon manake ndiyo iliyonishikisha simu niandike.

Jamani shampeni iliyokaa miaka mingi haifunguliwi kwa fujo. Ile ya kuitikisa kizibo kiruke mpaka dari, povu limwagike, watu wapige kelele, kwa chupa changa sina neno, fanyeni, lakini kwa chupa ya umri huu ukifanya hivyo umeitupa. Mwenzetu alikishika kizibo kwa kitambaa akawa anaizungusha chupa yenyewe polepole sana, na mlio haukusikika kabisa, ilitoka pumzi tu, kama mtu anayehema usingizini. Kizibo tukakiweka mezani tukakiangalia. Cha shampeni changa ukikitoa kinatanuka kwa chini kama sketi, hiki kilibaki kimenyooka, chembamba, kigumu kama kigingi, kimebanwa shingoni miaka yote hiyo hakina tena nguvu ya kutanuka. Mkikiona cha hivyo msishtuke. Chupa ikiwa changa presha ya ndani inafika kama atmosfia 6, ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari, na gesi hiyo inachepuka kwenye kizibo kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, sasa baada ya miaka zaidi ya 20 utarajie viputo vya mbio kama vya jana? Vipo, lakini vidogo mno, vinapanda kimoja kimoja, na kwenye ulimi unavihisi kama krimu zaidi kuliko kuchomachoma.

Tukamimina kwenye glasi pana za waini nyeupe, sio zile nyembamba ndefu, na hapa nitasimama nibishane na mtu yeyote, glasi ya filimbi ni nzuri kwa kuangalia viputo ila pua haipati nafasi, na kwa waini kama hii pua ndiyo nusu ya starehe. Rangi dhahabu iliyokolea. Mwanzoni ilikuwa imetoka kwenye friji, baridi kama nyuzi 8 hivi, ikawa imejifunga, nikanusa nikapata limau na harufu kidogo ya kiberiti kilichozimwa, nikaanza kuingia wasiwasi. Tukaiacha. Baada ya kama dakika 40 ikiwa imefika nyuzi 12 au 13, aisee, ikafunguka yote kwa mpigo: mkate uliobanikwa, lozi, asali, ganda la chungwa lililokauka, na moshi kwa mbali sana, halafu ukimeza ladha haiondoki, inakaa tu, unaongea na mtu bado iko.

Hiyo harufu ya mkate haitoki hewani. Shampeni inachachushwa mara ya pili ndani ya chupa ileile, hamira ikimaliza kula sukari inakufa inabaki humohumo kama mashapo, na kadiri inavyovunjikavunjika inaipa waini huo mwili na huo utamu wa mkate. Sheria yao inataka chupa ya kawaida ikae angalau miezi 15 kabla haijauzwa, ya mwaka mmoja wa mavuno angalau miaka 3, na Dom Pérignon wanakaa zaidi ya hapo mbali sana. Yetu ilikuwa ya toleo la kwanza, yaani mashapo yalitolewa zamani na uzee mwingi imeupata baada ya hapo, kwenye kizibo chake. Wana pia ile wanayoiita P2, hiyo wanaiacha na hamira yake muda mrefu zaidi ndo wanaitoa. Niliwahi kuonja P2 ya mwaka mwingine, iko kama kijana aliyelala sana, ina makali bado. Hii ya toleo la kwanza imetulia zaidi, ina asali zaidi, na mimi kwa upande wangu naipenda hii.

Na 1996 kwa Champagne ulikuwa mwaka wa ajabu. Kwa kawaida zabibu zikiiva sukari inapanda na uchachu unashuka, ule mwaka zilivunwa vyote viwili viko juu, sukari juu, asidi juu. Ndo maana ilivyokuwa changa wengi waliona inakwaruza. Sasa hivi ule uchachu ndo uti wa mgongo, asali yote ile ingekuwa inalala tu mdomoni kama usingekuwepo.

Ya pili, ile Burgundy nyeupe, ilikuwa imekufa. Tulijua kabla hata ya kuonja, ilimiminwa ikatoka ya kahawia kama chai, harufu ya tofaa lililopondeka likaachwa mezani, mdomoni kavu, tupu. Wanaofuatilia wanalijua hili tatizo, nyeupe nyingi za Burgundy za kuanzia katikati ya miaka ya 90 zilianza kuzeeka kabla ya wakati, chupa moja safi, ya pili yake kutoka boksi hilohilo imeoza, na vizibo ni kati ya vitu vilivyolaumiwa sana. Mwenye chupa alikuwa ameitunza vizuri, imelala ubavu, gizani, sehemu ya baridi isiyopanda wala kushuka. Alinyamaza muda mrefu. Inauma kwa sababu hakuna alichokosea, ameingoja kitu miaka yote hiyo na aliyeiuza hana habari naye.

Hapo ndo mmoja wetu akakumbusha zile chupa za Baltiki. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta shampeni kwenye meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, chupa 168, zimekaa chini ya maji kama miaka 170, nyingine Veuve Clicquot, na baadhi zilikuwa bado zinanyweka! Zilipopimwa zikakutwa na sukari kama gramu 150 kwa lita, wakati bruti ya leo, yaani shampeni kavu ya kawaida, haitakiwi kufika hata 12. Giza na baridi isiyobadilika ndivyo vilivyoziokoa. Kwa hiyo mwenye chupa ya maana anayeiweka juu ya kabati la jikoni, nakuomba ndugu yangu, ishushe leo.

Lynch-Bages tuliisimamisha wima tangu jana yake ili mashapo yashuke chini. Kizibo kilikuwa laini, kizibuo cha kawaida cha skrubu kingekisagasaga, tukatumia kile cha makucha mawili yanayopita pembeni, kikatoka kizima. Kumimina nilipewa mimi, tochi ya simu iko chini ya shingo ya chupa, unamimina polepole bila kusimama na macho yako hapo kwenye bega la chupa, ikafika mahali nikaona uzi mweusi unaanza kupanda, nikaacha. Zilibaki kama vidole viwili chini. Yale matope ni tanini na rangi vilivyoshikana miaka kwa miaka vikawa vizito vikazama, ndo maana waini nyekundu ikizeeka inapauka na inalainika, kilichokuwa kinakukausha mdomo sasa kimelala chini ya chupa. Ajabu nyeupe inafanya kinyume, inazidi kukoza rangi.

Lynch-Bages kwenye orodha ya 1855, ile ya kupanga waini za Bordeaux kwa madaraja, waliiweka daraja la tano, la mwisho, lakini ukiinywa husadiki. 1996 ilikuwa nzuri hasa kwa zabibu nyeusi za Cabernet Sauvignon na hapa inaonekana: katikati rangi bado nzito, ukingoni imegeuka kama tofali, pua inakupa mwerezi, penseli iliyochongwa sasa hivi, tumbaku, na tunda jeusi bado lipo halijachoka. Saa la kwanza lilikuwa tamu kupita la pili, kwa hiyo msiziache waini za umri huu kwenye jagi nusu siku mkidhani zitazidi kunoga, hewa ikizidi zinalegea.

Yquem siongei sana. Zabibu zinaachwa shambani zishikwe na ukungu, Botrytis, zinasinyaa maji yanatoka sukari inabaki, wachumaji wanarudi shamba lilelile mara kadhaa wakichagua zilizo tayari tu, wanasema mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Zafarani, aprikoti, yale matunda madogo ya njano ya kukaushwa, karameli, na uchachu unaofuta utamu wote ukabaki na hamu ya tone lingine. Bado changa! Ina miongo mbele yake.

Alama zangu: Dom Pérignon 9 na nusu kwa 10, Yquem 9 na nusu pia, Lynch-Bages 9, Burgundy sijaipa kitu. Lakini ukiniuliza ni ipi niirudie kesho nakujibu shampeni, kwa sababu zile mbili nilizitegemea ziwe hivyo, shampeni nilikuwa nimeizoea kama ya kufungulia shughuli, ya kunywa umesimama huku unaangalia mlangoni nani anaingia. Hii tuliinywa tumekaa, saa mbili nzima chupa moja watu sita, na mwishoni viputo vilikuwa vimekwisha kabisa kwenye glasi yangu, kimebaki kidogo cha kama kijiko, nikakinywa hivyohivyo kikiwa hakina gesi hata chembe, na ndo kilikuwa kinywaji bora cha usiku ule. Mwenye Dom Pérignon ya 1996 iliyotunzwa vizuri afungue sasa, mwenye Lynch-Bages bado ana muda, na mwenye Yquem amwachie mwanae.