"Tairi si Mkate": Nilivyotafuta Tairi la Nyuma la Kruza Mjini Kampala

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa mvua zilizonipeleka kwenye duka lile zimekwisha zamani, na msomaji ana ruhusa ya kupunguza makali pale atakapoona nimezidisha. Duka lenyewe liko Kampala, upande wa chini wa mji ambako vipuri vya kila aina huuzwa, na jina lake sitalitaja. Nilikwenda kununua tairi la nyuma la Yamaha DragStar 650, pikipiki nzito ya kruza inayotumia tairi nene la 170/80-15 (upana wa milimita 170, rimu ya inchi 15), na nilitoka mikono mitupu, nikiwa nimechekwa mbele ya wateja wengine kwa sababu tu niliuliza tairi lilitengenezwa lini.

Biashara ya matairi ya pikipiki Uganda inaendeshwa na boda boda, na hiyo ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wanaoibeba nchi. Kila duka limejaa matairi membamba ya inchi 17 na 18, yanayoingia wiki hii na kuisha wiki ijayo, na hakuna mwenye haja ya kuuliza yana umri gani. Tairi la kruza halina bahati hiyo. Huletwa moja au mawili, pengine kwa kubahatisha, na likikosa mnunuzi hukaa. Hukaa mwaka, hukaa miaka, likimsubiri mtu mmoja mwenye pikipiki ya ajabu apite.

Langu lilikuwa limekwisha katikati tu. Anayeendesha kila mara kati ya Bombo na Kampala, na pengine akapanda kaskazini kupitia Luwero na Nakasongola hadi Karuma, hatashangaa: barabara ile imenyooka, pikipiki haipati nafasi ya kulala, na tairi huliwa mstari mmoja hadi likawa kipara juu huku pembeni bado lina meno. Wakati wa kiangazi hulisikii. Mvua ikinyesha, na magari yakishatoa tope jekundu kwenye njia za pembeni na kulitandaza juu ya lami ya Kawempe na Bwaise, gurudumu la nyuma huanza kwenda linakotaka lenyewe.

Kijana wa kaunta alinipokea vizuri kupita kiasi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, nikataja kwamba ninatoka Bombo, na papo hapo nikawa afande, maana Bombo ni mji wa kambi ya jeshi, na kwa watu wengi wa Kampala Kiswahili na Bombo vikikutana havina tafsiri nyingine. Mimi si askari wala sijawahi kuwa, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha. Aliniambia kwamba tairi langu analo, jipya kabisa, la mwisho, na kwamba juzi tu kuna mtu alilitaka akapungukiwa na fedha. Lilikuwa juu ya rafu karibu na mlango, limepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha hadi likawa linateleza mkononi, na upande wake mmoja umeegemezwa ukutani. Kwenye ubavu ulionielekea niliona saizi, nikaona mshale wa mwelekeo, nikaona herufi za DOT (alama ya viwango vya Marekani), lakini zile namba nne za mwisho sikuziona. Nikamwomba aligeuze.

"Nigeuze la nini, afande? Pande zote ni sawa."

Si sawa, na mtu anayeishi kwa kuuza matairi anajua kwamba si sawa. Wiki na mwaka wa kutengenezwa huchapwa kwa namba nne mwishoni mwa msururu wa DOT, na mara nyingi namba hizo huwa upande mmoja tu. Niliomba mara ya pili, kisha nikaligeuza mwenyewe. Nilipofuta ile dawa kwa kidole palisomeka 3513, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2013. Nikamwuliza kwa upole, na upole huo ninausisitiza kwa sababu baadaye ulikwisha, kama hana jingine la karibuni zaidi.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "tairi si mkate. Haliozi."

Wakacheka wote: wateja wawili waliokuja kununua tyubu, mchukuzi aliyekuwa mlangoni, na hata mama muuza chai ambaye sidhani kama alisikia kilichosemwa. Angalieni pia jinsi nilivyoshushwa cheo, kutoka afande hadi mzee wangu kwa swali moja tu, na huo uzee niliopewa haukuwa wa heshima.

Tairi huoza. Mafuta yanayochanganywa na mpira ili uwe laini hupungua, oksijeni huula polepole, joto na jua huiharakisha kazi hiyo, na mpira uliokwisha kuwa mgumu haushiki lami yenye maji hata kama meno yake ni marefu vilevile yalivyotoka kiwandani. Hapo ndipo ulaghai unapojificha, kwa sababu jicho hupima meno na halipimi ugumu. Nilipobana mpira kwa vidole viwili nikaona nyufa nyembamba zimejipanga chini ya mifereji, mahali ambapo dawa ya kung'arisha haifiki. Rafu lenyewe lilikuwa linapigwa na jua la mchana, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na jenereta na mota ya kujazia upepo. Mota za umeme hutoa ozoni, gesi inayoupasua mpira, na ndiyo maana watengenezaji hukataza kuhifadhi matairi karibu nazo. Kama mtu angeombwa achague mahali pabaya zaidi dukani pa kuweka tairi kwa miaka, asingepata kupita pale.

Nitakuwa mwadilifu kidogo. Tairi la zamani ambalo halijafungwa hata mara moja, lililowekwa gizani mahali pakavu, si lazima liwe limekufa. Kampuni ya matairi ya Michelin, kwa mfano, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima. Kwa hiyo kijana yule angesema, "Ni la zamani, mzee, nakupunguzia bei," tungezungumza, na pengine ningelitazama mara ya pili. Hapana, nisiseme uongo ili nionekane mwungwana: lilikuwa limepita miaka 10, lilikuwa na nyufa, na bei aliyoitaja ilikuwa ya tairi lililotoka kiwandani asubuhi ile.

Alipoona sinunui, aliniletea tairi la gari dogo la inchi 15, akaliweka miguuni pangu na kusema kwamba inchi ni inchi. Nikamwuliza ziko wapi herufi M/C, zinazochapwa ubavuni mwa matairi ya pikipiki za namna hii, naye akanitazama kana kwamba nimemwuliza habari za mwezini. Najua wapo Wamarekani wanaofunga matairi ya gari kwa makusudi kwenye pikipiki kubwa za masafa marefu, wakisifu kwamba hayaishi upesi. Shauri yao. Tairi la gari lina uso bapa, ilhali pikipiki hukata kona kwa kulala, na hata kruza isiyolala sana hulala kiasi cha kupanda juu ya ukingo wa ule ubapa. Isitoshe, kingo za rimu ya gari na za rimu ya pikipiki hazikuchongwa sawa, kwa hiyo inchi zikilingana haina maana kwamba tairi litakaa imara pale linaposhikana na chuma. Yote hayo nilitaka kumweleza, lakini alikuwa amekwisha kunipa kisogo na kuanza kuhesabu chenji ya mtu mwingine.

Kuhusu chapa sina mengi, na ninawashangaa wanaobishana juu yake usiku kucha wakati hapa kwetu hata matairi ya kuchagua hayapo. Shinko 777 husifiwa kwa bei, Metzeler ME 888 kwa kudumu, na Dunlop K555 ni la siku nyingi ambalo waendeshaji wa kruza wamelizoea. Kwa saizi yangu mara nyingi utakuta 77H ubavuni: 77 humaanisha kwamba tairi linabeba kilo 412, na H kwamba linastahimili kilomita 210 kwa saa, mwendo ambao DragStar 650 haitaufikia hata ikisukumwa na shetani. Herufi ya mwendo, basi, isimnyime mtu usingizi. Namba ya uzito ndiyo ya kutazama, hasa kwa anayempakia mke na mizigo ya kupeleka kijijini.

Nilizunguka Ndeeba na Katwe bila kupata kitu, kisha nikachagua Metzeler kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu hata kidogo: muuzaji mmoja wa Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road, alinitumia picha ya zile namba nne kabla sijamwuliza. Lilikuwa limetengenezwa mwaka uliotangulia. Lilikuja kwa basi kupitia Busia, na gharama zote zikijumlishwa lilizidi bei ya lile la 2013, tena si kwa kidogo. Nililipa nikitabasamu.

Tabasamu hilo halikudumu, kwa sababu tairi lazima lifungwe. DragStar haina mnyororo. Nguvu hufika gurudumuni kwa shafti, na gurudumu likitolewa kuna meno ya chuma ya ndani ambayo ni lazima yasafishwe na kupakwa grisi yake maalumu, la sivyo yataliwa taratibu hadi siku injini itakapokuwa inanguruma na pikipiki imesimama. Mafundi wengi wa barabarani, hodari kabisa kwa boda boda, hawajapata kuyaona. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa mtu mmoja, na mtu huyo anafanyia kazi kwenye kibaraza cha duka lilelile.

Kijana alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Akalitazama tairi jipya nililokuwa nimelifunga nyuma kwa kamba, akasema, "Mzee umekuja na mkate wako?" Nami nikawa sina la kujibu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko matusi yenyewe. Kisha akanitoza ada ya kufunga mara mbili ya ile iliyobandikwa ukutani, akidai kwamba ile ya ukutani ni ya wanaonunua kwake. Hakuna mahali ilipoandikwa hivyo. Nilimwonyesha kwamba hakuna mahali ilipoandikwa hivyo, naye akachukua kalamu na kuiandika palepale mbele yangu.

Na sasa ninalazimika kusema lile ambalo sikutaka kulisema. Yule fundi ni bingwa. Alilitoa gurudumu bila kugonga kitu kwa nyundo, akayasafisha yale meno hadi chuma kikaonekana, akayapaka grisi kwa brashi ndogo. Alizikagua njiti (spoku) za gurudumu moja moja kwa kuzigonga na spana na kusikiliza mlio, akakaza zilizolegea. Rimu za njiti huhitaji tyubu, na ule utepe wa ndani unaozuia vichwa vya njiti visiitoboe tyubu ulikuwa umechakaa. Hakuniuliza, aliweka mwingine. Lile doa la rangi lililo ubavuni mwa tairi jipya, ambalo huonyesha sehemu yake iliyo nyepesi, alilipeleka sawa na valvu, akahakikisha mshale unaelekea mbele, akapaka maji ya sabuni ukingoni na kujaza upepo hadi tairi likakaa sawasawa pande zote. Mwisho, ili kulisawazisha, alilipitishia gurudumu chuma katikati, akaliacha lijizungushe lenyewe, na kila liliposimama na uzito upande wa chini akabana kirisasi kwenye njiti ya juu, mpaka likawa linasimama popote. Maneno aliyoniambia muda wote huo hayazidi salamu, isipokuwa kunionya nisilale kwenye kona kwa kilomita mia na kitu za kwanza, kwa kuwa tairi jipya huwa na utelezi kabla halijakwaruzwa na lami.

Nilimtii. Tangu hapo nimepita Bwaise katika mvua ambazo zamani zingenifanya nishuke na kungoja kwenye kibanda cha mtu, na gurudumu la nyuma linanifuata bila ubishi. Huenda lolote kati ya yale matatu lingefanya vivyo hivyo, maana tofauti kati ya tairi bichi na lililokauka ni kubwa kuliko tofauti kati ya chapa na chapa, na mtu akipata Shinko la mwaka huu aliache Metzeler la zamani lilale kwenye rafu lake.

Sasa duka nilipatie nyota ngapi? Nilitaka kulipatia moja, kwa kuwa huwezi kutoa chini ya hapo. Nikikumbuka kazi ya fundi mkono unaandika nne, na ningeziacha nne kama nisingekumbuka kalamu ile ikiandika ukutani. Basi iwe mbili, zote mbili apewe fundi, na kijana asithubutu kuzitangaza kwamba ni zake. Anayekwenda pale kufungiwa gurudumu aende bila wasiwasi. Anayekwenda kununua tairi akae na tochi ya simu mkononi, aligeuze mwenyewe, na asiposoma namba nne atoke.

Tairi langu la mbele nalo linakaribia kwisha, na nimekwisha kuzungumza na mtu wa Nairobi. Likifika nitalifungua gurudumu nyumbani na kulipeleka Kampala kwa boda boda pamoja na tairi lake na ada mara mbili ndani ya bahasha yenye jina la fundi. Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara, kwa mama wa chai, na kijana akiuliza ni la nani, aambiwe kwamba ni la afande.