Darubini ya joto na usiku wa mbweha Herefordshire: uzoefu wangu

Nimekaa na hii darubini ya joto, yaani inayoonyesha joto la vitu hata gizani, tangu mwezi wa kumi na moja, muda wote nilikuwa naichungulia tu uani kuangalia paka wa jirani na magari yaliyotoka kuzimwa injini, sasa Ijumaa iliyopita ndo imeingia kazini kweli kwa hiyo naweza kuiongelea nikiwa na ushahidi. Ni ile ya kushika mkononi, ya jicho moja, sensa ya pikseli 384 kwa 288, lenzi ya milimita 35, nimeinunua mtumba kwa paundi 650 kwa mtu aliyekuwa anachukua kubwa zaidi. Jina la kampuni siliweki kwa sababu nina malalamiko na hii yangu ilishapita mikono ya mtu, ila niliyopitia yatakusaidia hata ukinunua ya kampuni nyingine, maana hizi za daraja hili zinafanana sana.

Mimi naishi Hereford, England. Rafiki yangu ni Mkenya wa pande za Eldoret, anafanya kazi kwenye shamba la kondoo huko Golden Valley, ukisimama juu ya malisho ukaangalia magharibi unaona milima ya Black Mountains kwenye mpaka wa Wales. Yeye ndo mwenye bunduki na leseni, mimi leseni sina na bunduki sigusi, kazi yangu usiku ule ilikuwa ni macho tu. Na leseni huku sio kitu cha kuokota, polisi ndo wanatoa, wanakuja kukagua kabati la chuma nyumbani, daktari wako anaulizwa, kila kaliba (ukubwa wa risasi) unayotaka unaieleza sababu yake, na baada ya miaka 5 unaomba upya. Ukiwa nayo na mwenye shamba amekuruhusu, mbweha anapigwa mwezi wowote wa mwaka, usiku na mchana. Kilichopigwa marufuku England na Wales ni kuwinda na mbwa, sheria ya 2004. Jamaa anasema kwao Kenya uwindaji ulifungwa tangu 1977 kwa hiyo hajawahi hata kuota kwamba ipo siku atakuwa na leseni ya hivi, na anaichukulia serious kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mbweha wa huku sio bweha wetu wa porini yule mwenye mgongo mweusi. Huyu ni mwekundu, mkia mnene wenye ncha nyeupe, kilo sita saba hivi. Kondoo wa pale wanazaa kuanzia mwezi wa tatu, wanazalia bandani, wakishakauka na kunyonya vizuri siku moja mbili mama na watoto wanatolewa nje malishoni, na hapo ndo shida inaanza. Mzee mwenye shamba ni mtu wa haki, hamsingizii mbweha kila kifo, anakwambia baridi na mvua zinaua kuliko meno, na kunguru wanadonoa macho ya watoto wakiwa bado wamelala. Lakini wiki ile kulikuwa na mmoja aliyekuja usiku tatu mfululizo kwenye yale yale malisho yaliyo karibu na banda, na asubuhi ya tatu kukakutwa mapacha amebaki mmoja na mama anazunguka analia. Ukimsikia kondoo anayetafuta mtoto hutauliza tena kwa nini watu wanatoka usiku.

Tulitoka saa moja na nusu, giza limeshakamilika, upepo mdogo unatoka kusini magharibi. Jamaa alipiga simu polisi kwanza kuwajulisha tuko wapi, sio lazima kisheria ila hataki mtu asikie mlio aanze kuhangaika. Tukaacha pikapu kwenye geti tukapanda kwa miguu tukikaa upande ambao upepo unatupiga usoni.

Kosa la kwanza nililifanya ndani ya gari. Nilitaka kuangalia kupitia kioo cha dirisha, nikaona ukungu wa kijivu na taswira ya uso wangu mwenyewe. Kioo kinazuia joto, hii darubini haisomi mwanga inasomea joto linalotoka kwenye vitu, kwa hiyo dirisha lazima ulishushe na baridi uikubali. Muuzaji hakunitajia na kwenye kile kijitabu imeandikwa kwa herufi za chungu.

Tulipofika juu nikaiwasha na hapo lazima niisifie. Bonde zima likafunguka. Kondoo wote wanawaka kama taa, watoto vidoti vidogo pembeni ya mama zao, sungura kwenye michongoma, hata ndege waliolala mitini. Zamani watu walikuwa wanazungusha tochi kubwa na mbweha aliyeshapigwa mwanga akanusurika anakuwa mjanja, akiona taa tu kilomita nzima anakimbia. Hii haitoi mwanga wowote, yeye hajui kama anaonwa. Anga inaonekana nyeusi kabisa kwa sababu ni baridi, kwa hiyo ule mstari wa juu ya kilima unauona safi, na hili lilikuja kutusaidia sana baadae.

Sasa ngoja niseme shida, na hii ndo sababu hasa ya kuandika. Kwenye boksi wameandika mita 1,700. Mimi nilinunua kwa ile namba. Ile namba maana yake ni kwamba mtu mzima aliyesimama kwenye mita hizo utaona kuna kitu cha moto, basi, kidoti. Haimaanishi utajua ni nini. Dakika kumi za kwanza nikaona mnyama.

"Kuna kitu, kushoto kwa ule mti mkubwa, kama mita mia tatu."

"Kitu gani bro?"

"Sijajua bado."

"Basi hatujaona kitu."

Hakuinua hata bunduki. Tukangoja na yule mnyama akaruka kwa miguu ya nyuma, kumbe sungura pori mkubwa. Wa pili nilikuwa na uhakika nusu, chini chini, mnene, anatembea anayumba, nikasema mbweha anakula kitu. Jamaa akaniambia nimwangalie anavyoweka miguu, nikamwangalia kama dakika tatu, na alikuwa yule wanayemwita baja, ndugu yake nyegere, ambaye analindwa na sheria ya 1992 na kumpiga ni kesi. Kwa darubini yangu kwenye mita 250 tofauti ya hawa wawili ni mwendo tu, umbo halitoshi. Nikikuza zumu vipande vya picha vinakuwa vikubwa, habari haiongezeki. Kwa uzoefu wangu, mbweha aliyesimama tuli unamtambua kwa uhakika mita 150 au 180 hivi, akitembea labda 250. Zaidi ya hapo unakisia, na jambo hili halitaki kukisia, kwenye malisho yale yale kuna paka wa shambani, kuna mbwa wa majirani, na kuna watoto wa kondoo ambao wakilala wamejikunja nawaambia wanafanana na chochote.

Mbweha mwenyewe alikuja saa tatu na robo. Ukishamuona mara moja humsahau, anatembea kama anateleza, mgongo hautikisiki, uso na masikio vinawaka sana halafu mkia unaonekana hafifu kwa sababu manyoya yake mazito yanazuia joto kutoka. Alitokea juu ya kilima akakaa pale kwenye ule mstari, nyuma yake anga tupu. Jamaa alikuwa ameshafungua stendi ya miguu minne na anamuona kwenye darubini ya bunduki yake, ile ya kidijitali yenye mwanga wa infrared usioonekana kwa macho, nikasema mbweha, na yeye akasema mbweha, hiyo ndo kanuni yetu, lazima wote wawili tuseme. Halafu hakupiga. Mita kama 160 amekaa kabisa kama mbwa wa mlangoni, hakupiga, kwa sababu nyuma yake hakuna udongo na risasi ya kaliba ya .223 ikikosa pale itaenda mbali sana mahali ambapo hatupaoni.

Tukakaa. Mikono yangu ilikufa ganzi. Jamaa akabusu nyuma ya kiganja chake, ule mlio wa panya, taratibu mara mbili tatu, na mbweha akageuza kichwa akaanza kushuka, anasimama, ananusa, anashuka. Na katikati ya hapo darubini yangu ikafanya ile kitu yake ya kujisafisha picha, inalia tik halafu picha inaganda kama sekunde nzima. Ikarudi hayupo pale alipokuwa. Moyo ulinipasuka, nikamtafuta nikamkuta hatua kumi chini zaidi. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuiweka iwe ya mkono badala ya otomatiki, iwekeni mapema kabla hamjatoka, mimi nilikuwa sijaiweka.

Kipima umbali kikasoma mita 118, mteremko wote upo nyuma yake, kondoo wa karibu wako mbali kulia. "Mbweha." "Mbweha." Mlio mmoja uliomezwa na sailensa na ule mdundo wa risasi kufika. Akaanguka pale pale, hakupiga hata hatua. Alianguka kwenye matete marefu na kwa tochi tusingemuona haraka, kwa darubini ilikuwa sekunde tatu, doa la moto kwenye majani baridi. Dume, meno mengine yameisha. Jamaa alimwekea mkono ubavuni akakaa kimya kidogo ndo akambeba, na mimi sikusema kitu.

Malalamiko mengine kwa kifupi: betri wanasema masaa 8, kwenye baridi ya nyuzi mbili haifiki huko. Duara la kulenga picha ni gumu ukiwa umevaa glavu. Ule mpira wa jichoni umelegea, kwa hiyo mwanga wa kioo cha ndani unatoka unakuangaza uso, mnyama aliye karibu atakuona, mimi nimefunga kwa kitambaa cheusi na imesaidia. Manyunyu yakianza na kila kitu kikiwa kimelowa, ardhi na miti na mawe vinakuwa joto moja na picha inafifia, tuliacha saa nne na nusu kwa sababu hiyo. Na waya wa uzio hauonekani hata kidogo, jamaa alichana suruali.

Kama ni kutafuta, naipa 9 kwa 10. Kutambua, 5. Ukienda kununua usikubali kuijaribu dukani kwenye ukuta na watu waliosimama, omba mtoke nje usiku, mtafute paka au mbwa aliye mita 200, jiulize kwa uaminifu kama ungejua ni nini bila kuambiwa. Nikipata hela nitaongeza nichukue yenye sensa ya pikseli 640, kwa sasa nakaa na hii, na Ijumaa ijayo hali ya hewa ikiruhusu tunarudi, mzee anasema ameona nyayo nyingine kwenye tope la geti la chini.