Monita ipi itaonyesha filamu zenye ulinzi? Za kununua na za kuacha dukani

Muuzaji akikufungulia video ya 4K ya YouTube na picha ikang'aa, bado hajakuonyesha kwamba monita hiyo itacheza filamu za Netflix, Prime Video au diski ya Blu-ray. Video za bure za YouTube hazina ulinzi kwenye waya, hata monita ya zamani yenye tundu la VGA inazionyesha. Filamu unayoilipia ni habari nyingine. Kabla haijaanza, kompyuta au king'amuzi huiuliza monita kama ina HDCP, yaani kinga ya kuzuia filamu isinakiliwe. Jibu lisiporudi unapata kioo cheusi, ujumbe wa hitilafu, au picha iliyoshushwa ubora kimyakimya. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, maana unaweza kutazama mwaka mzima ukidhani ndivyo filamu ilivyo.

HDCP ni kinga iliyobuniwa na Intel, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000. Monita huwekewa kiwandani chipu yenye funguo za siri. Kifaa kinachotuma picha huzihakiki funguo hizo, kisha huisimba picha muda wote inapopita kwenye waya. Mnunuzi ana matoleo mawili tu ya kuyajali. Toleo la 1.4 na yale yaliyolitangulia yanatosha kwa filamu za 1080p (pikseli 1920×1080). Toleo la 2.2, au 2.3 lililolifuata, ndilo linalodaiwa na filamu za 4K (pikseli 3840×2160). Monita isiyo na chipu hiyo huwezi kuipa kwa kupakua programu, kwa hiyo kosa la dukani halirekebishiki nyumbani.

Nafasi ya kwanza: 1080p yenye HDMI

Kwa wasomaji wengi hii inatosha, na hatuoni sababu ya kuongeza hela. Tafuta inchi 22 hadi 24, pikseli 1920×1080, tundu la HDMI, na karatasi ya sifa inayotaja HDCP. Mfano mzuri kwenye soko la zilizotumika ni Dell P2419H: ina HDMI, DisplayPort na VGA, na matundu yake mawili ya kwanza yanapitisha filamu zenye ulinzi bila usumbufu.

Tunaiweka juu ya 4K kwa sababu ya bando. Netflix yenyewe inashauri kasi ya Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Saa moja ya 4K inaweza kula hadi GB 7, wakati saa ya HD inaishia kwenye GB 3 hivi. Tena Netflix hutoa 4K kwenye kifurushi chake cha juu kabisa tu. Asiye na intaneti isiyo na kikomo atakuwa analipia pikseli ambazo hazitawashwa.

Jihadhari na monita za inchi 18.5 na 19 pana. Nyingi ni 1366×768 hata pale stika ya mbele inapoandika HD kwa herufi kubwa.

Nafasi ya pili: 4K yenye HDMI 2.0 na HDCP 2.2

Ukiwa na intaneti ya kutosha na kifurushi kinachofaa, nunua hii, lakini usiifikirie monita peke yake. 4K yenye ulinzi hudai kila kitu kilicho njiani kikubali, kuanzia prosesa hadi tundu la nyuma ya monita.

Kwa Netflix kwenye Windows unahitaji Windows 10 au 11, kivinjari cha Edge, kiongezi cha HEVC (mfumo wa kubana video) kutoka duka la Microsoft, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 au ya baadaye. Baadhi ya kadi za picha nazo zinafaa, kwa mfano Nvidia GTX 1050 yenye kumbukumbu ya GB 3 au zaidi. Monita iwe ya 4K, ikimbie kwa 60 Hz (picha 60 kwa sekunde), na iunganishwe kwa HDCP 2.2. Ukiwa na monita mbili mezani, zote mbili ziwe na 2.2. Ile ndogo ya zamani uliyoiacha pembeni kwa ajili ya barua pepe inatosha kuirudisha filamu kwenye 1080p. Ichomoe kabla ya kulaumu ile mpya. Kwenye Chrome usitegemee 4K hata mashine yako iwe na nguvu kiasi gani. Kwa Mac unahitaji Safari, macOS 11 au ya baadaye, na mashine yenye chipu ya usalama ya Apple iitwayo T2 au prosesa ya Apple yenyewe.

Hapa ndipo laptop nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza na Dubai zinapokwama. Za kizazi cha 4, 5 na 6 zisizo na kadi ya picha kama hiyo hazitatoa 4K ya Netflix. Za kizazi cha 7 na 8 nyingi zina tundu la HDMI 1.4 (namba hii ni ya tundu, si ya HDCP), na hilo hutoa 4K kwa 30 Hz tu. Kama laptop yako ni ya kundi hilo, tumia USB-C inayotoa picha au DisplayPort ikiwa ipo, na hakikisha monita inayo DisplayPort yenye HDCP 2.2 pia. LG 27UL500 ni mojawapo ya monita ambazo HDMI zake na DisplayPort yake zote zina 2.2.

Neno kwa wenye diski za 4K za Blu-ray: kuzicheza kwa kompyuta ni shughuli pevu kuliko Netflix. Njia rasmi inahitaji teknolojia ya Intel iitwayo SGX, iliyoondolewa kwenye prosesa za kawaida za kompyuta kuanzia kizazi cha 11. Kompyuta mpya zaidi ndiyo itakayoshindwa. Kwa diski hizo nunua deki ya Blu-ray ya 4K na uichomeke moja kwa moja kwenye monita.

Nafasi ya tatu: monita yenye programu zake ndani

Samsung ilianza kutoa Smart Monitor mwaka 2020: M5 ni ya 1080p, M7 ni ya 4K. Netflix iko ndani ya monita, kwa hiyo ulinzi wote unamalizikia humo humo. Umri wa laptop yako haujalishi, na huna waya wa kubishana nao. Bei yake iko juu ya monita ya kawaida ya ukubwa uleule. Ingekuwa ya pili kama si hilo.

Nafasi ya nne: za ofisi zilizotumika, zenye DVI na DisplayPort

Ukizunguka Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi utaziona zimepangwa kwa rundo: HP EliteDisplay, Dell UltraSharp na Dell za herufi P, zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya. Nyingi hazina HDMI kabisa, na wanunuzi huzikataa kwa sababu hiyo. Hapo ndipo penye unafuu. DVI-D (DVI ya kidijitali) na HDMI hubeba picha kwa mfumo uleule, kwa hiyo waya wa HDMI kwa DVI unapitisha picha pamoja na HDCP bila kigeuzi chenye umeme. Dell U2412M ya mwaka 2011, kwa mfano, haina HDMI, lakini DVI-D na DisplayPort zake zinakubali filamu zenye ulinzi, na pikseli zake 1920×1200 zinakupa nafasi ya ziada ya kazi.

Sauti haitatoka kwenye monita kama hizi, nyingi hazina spika. Chukua sauti kwenye tundu la hedifoni la laptop.

Ugumu uko kwenye mwaka. DVI ilikuwepo kabla HDCP haijaenea, na kuwa na tundu hilo hakuhakikishi chochote. Dell 2405FPW ya mwaka 2005 haina HDCP; 2407WFP iliyoifuata mwaka 2006 inayo. Apple Cinema Display za alumini zenye DVI hazina, na zinadanganya wengi kwa urembo wake. Mwaka 2008 wenye MacBook mpya walishtuka filamu za HD walizonunua iTunes zilipogoma kwenye monita za nje za aina hiyo. Geuza monita, soma stika ya nyuma, uone tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa ni kabla ya 2007, usitoe hela mpaka umeona filamu ya kulipia ikicheza.

Televisheni ya inchi 32

Tunaitaja kwa sababu mtu wa filamu tu, asiyeandika wala kusoma sana kwenye kioo hicho, ananufaika nayo kuliko monita. Tangu 2005 nembo ya Ulaya ya "HD ready" hudai HDCP kwenye HDMI au DVI, kwa hiyo televisheni yenye nembo hiyo haina fumbo. Ila nyingi za inchi 32 ni 1366×768, na maandishi ya Excel juu yake yanachosha macho.

Za kuacha: 4K za mwanzo, na za VGA peke yake

4K za mwaka 2013 na 2014 zenye HDMI 1.4 huuzwa kwa bei ya kuvutia. Hucheza michezo, hufungua picha, hata YouTube ya 4K. Filamu ya kulipia haitapanda juu ya 1080p kwa sababu HDCP 2.2 haimo. Kuna nyingine za kipindi hicho na miaka miwili iliyofuata ambapo tundu moja la HDMI lina 2.2 na jirani yake halina. Soma maandishi madogo kando ya kila tundu, na ujaribu moja moja.

VGA haibebi HDCP. Kigeuzi kidogo cha HDMI kwa VGA kitakuonyesha desktop vizuri, halafu filamu itagoma au itashuka hadi ubora wa DVD. Monita yenye VGA tu inafaa kamera za ulinzi na kaunta ya duka.

Kujaribu kabla ya kulipa

Nenda na laptop yako, waya wako, na simu yenye bando. Waya uwe wako kweli, kwa sababu wa dukani ukileta shida hutajua wa kulaumiwa ni nani.

Chomeka, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague kuonyesha kwenye kioo cha pili tu. Fungua filamu ya akaunti yako. Ukiwa Netflix kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na D kwa pamoja: maandishi yatajitokeza juu ya picha, na kwenye mstari wa kasi utaona pikseli zinazochezwa. Subiri kama dakika moja, kwa kuwa filamu huanza chini na kupanda. Ikifika 1920×1080 na kutulia, HDCP 1.4 inafanya kazi. Ikifika 3840×2160, HDCP 2.2 ipo. Ikibaki chini, pima kasi ya intaneti kwanza, ndipo uihukumu monita.

Mwenye kadi ya Nvidia ana njia ya mkato: bofya kulia kwenye desktop, fungua paneli ya Nvidia, sehemu ya Display, kisha ukurasa wa hali ya HDCP. Kadi za AMD huonyesha hilo ndani ya programu yao, kwenye mipangilio ya Display.

Kama muuzaji anakuahidi 2.2, aiandike kwenye risiti pamoja na namba ya modeli.

Waya na vidude vya katikati

Hakuna waya wa "HDCP 2.2". Waya hauna toleo la HDCP, kwa hiyo maandishi hayo kwenye pakiti yasikuongezee bei. Unachonunua ni uwezo wa kubeba data: kwa 4K ya 60 Hz tafuta nembo ya Premium High Speed, yaani Gbps 18, na usipite mita 3 bila sababu.

Maulizo ya HDCP kwenye HDMI hupita katika pini mbili, namba 15 na 16, zilezile zinazopeleka jina la monita na pikseli zake kwenye kompyuta. Kwenye DVI ni namba 6 na 7. Ndiyo maana ukiona Windows imeiita monita jina la jumla tu na kuipa pikseli za ajabu, na filamu nazo zimegoma, ugonjwa ni mmoja: pini imepinda au waya umechoka. Badilisha waya kabla ya kubadilisha monita.

Kigawanyaji cha HDMI kati ya king'amuzi na monita mbili nacho lazima kiwe na 2.2, la sivyo 4K inaishia hapo. Doki za USB za DisplayLink (vidude vya kuunganisha monita kupitia USB) kwenye Mac huonyesha picha kwa kurekodi kioo, na Safari inapoona kurekodi huizima filamu. Utaona weusi na kusikia sauti. Chomeka monita moja kwa moja kwenye Mac na tatizo linaondoka.

PlayStation ina swichi yake. Kwenye PS5 ingia Settings, System, HDMI, na uwashe Enable HDCP. Kwenye PS4 iko chini ya System. Wanaorekodi michezo huizima wakasahau, na siku ya kufungua Netflix programu haifunguki, lawama zote zikaangukia monita.