Risasi za 7mm Remington Magnum kwa kulungu: kwa nini tunapendekeza greni 160

Rafu ya risasi za 7mm Remington Magnum, kaliba ya bunduki ya kasi kubwa (magnum), katika duka la Marekani ina namba za kumchanganya mnunuzi: 139, 140, 150, 160, 162, 175. Hizo ni greni, yaani uzito wa kichwa cha risasi peke yake, bila ganda wala baruti. Greni moja ni miligramu 64.8, hivyo kichwa cha greni 160 kina gramu 10.4. Wengi huchukua boksi jepesi kwa sababu kulungu si mnyama mkubwa. Kwa bunduki ya kasi ya wastani kama .308 hoja hiyo ina nguvu. Kwa magnum ndiyo inayoharibu nyama na kumwacha mnyama na jeraha lisilofika ndani.

Kulungu tunayemzungumzia ni mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, pamoja na ndugu yake mwenye masikio marefu wa majimbo ya magharibi. Si pongo wa misitu yetu, ambaye naye baadhi yetu humwita kulungu. Dume wa Texas ya kati mara nyingi hafiki kilo 70, na wa mpakani mwa Kanada hupita 100 bila shida. Hata huyo mkubwa, kifua chake toka ubavu hadi ubavu ni kama sentimita 30 na kitu. Nguvu haikosekani kwenye boksi lolote: greni 139 ikitoka mtutuni kwa mita 960 kwa sekunde ina jouli 4,150 hivi, na greni 162 kwa mita 896 ina jouli 4,200. Ni kama sawasawa. Kinachotofautiana ni mwendo ambao kichwa kinao kinapogusa ngozi, na kama kimeundwa kuhimili mwendo huo.

Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba. Kikigonga nyama huchanua kama uyoga, shimo linapanuka, na shina lililobaki husukuma mbele. Mwendo ukizidi, uyoga huo humeguka kabla haujaenda mbali. Katika misitu ya Pennsylvania au Michigan kulungu hupigwa kwa mita 40 hadi 80, na hapo greni 139 bado inakwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Ikipita kati ya mbavu na kuingia mapafuni, mnyama huanguka haraka, hilo hatubishi. Ikikuta mfupa wa bega, huweza kupasukia juu juu: bega zima linavilia damu, vipande vinatapakaa, na mapafu hayaguswi ipasavyo. Mara nyingi hakuna tundu la kutokea upande wa pili, kwa hiyo hata alama za damu za kufuata ni haba.

Ndiyo maana kwenye magnum tunauona uzito kama breki. Kichwa kizito hutoka polepole zaidi, na kina mwili wa kutosha kuendelea kupenya baada ya mbele yake kuchanua.

Hornady American Whitetail ya greni 139 ni boksi la bei nafuu, na ni risasi nzuri ikitumiwa mahali pake: kulungu mdogo, uwanja wazi, kuanzia mita 150, ubavu umekaa wazi nyuma ya bega. Kwa msituni hatuipendekezi katika kaliba hii. Remington Core-Lokt ya greni 150 ina koti lililoshikana vizuri na kiini, na muundo huo uko sokoni tangu 1939, lakini hutoka kwa mita 948 kwa sekunde na tatizo la karibu linabaki palepale, japo kwa kiasi kidogo.

Chaguo letu la kwanza ni Nosler Partition ya greni 160, inayotoka kwa takriban mita 900 kwa sekunde. Ndani ya kichwa kuna ukuta wa koti unaotenga viini viwili. Kiini cha mbele huchanua na mara nyingi humeguka. Cha nyuma hubaki kizima na kutoboa hadi upande wa pili. Muundo huu uliuzwa kwanza mwaka 1948 na bado hatujaona unaoushinda kwa mtu asiyejua kulungu atatokea mita 30 au mita 300. Ni ghali, na matundu yake kwenye shabaha hayakai karibu karibu kama ya vichwa vya kisasa vyenye ncha ya plastiki. Kwa kulungu hilo si hoja, maana eneo la moyo na mapafu ni pana karibu kama sahani ya chakula.

Barnes TTSX ya greni 140 inavunja kanuni ya uzito, na kwa sababu ya haki. Ni shaba tupu, hakuna koti la kubanduka wala kiini cha kumwagika, kwa hiyo hubaki na karibu uzito wake wote hata ikigonga bega kwa karibu. Hapa wepesi ni faida, kwani shaba huhitaji mwendo ili ichanue. Kwa usalama tusingeshuka chini ya mita 600 kwa sekunde inapogonga. Kasoro yake ni kwamba ikipita mbavu nyembamba bila kugusa mfupa, mnyama huweza kukimbia hatua nyingi kabla ya kuanguka, hivyo lenga karibu na bega. Kwa mwindaji wa California mjadala umekwisha: tangu tarehe 1 Julai 2019 risasi zenye madini ya risasi haziruhusiwi kwa uwindaji. Na kwa nyumba yenye watoto wadogo tungechagua shaba hata pasipo sheria, maana vipande vidogo vya madini ya risasi husambaa kwenye nyama mbali na tundu unaloliona.

Hornady Precision Hunter ya greni 162 ina kichwa chembamba kinachokata hewa vizuri. Upepo wa pembeni ukivuma, kwa mita 300 hukisogeza pungufu ya greni 139 kwa theluthi moja hivi. Ni risasi ya nyanda za Wyoming na Montana. Kwa karibu ni laini, kwa hiyo epuka bega.

Greni 175 tungewaachia wawindaji wa elki, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa zaidi.

Hofu kwamba greni 160 hushuka sana haina msingi. Bunduki ikirekebishwa igonge unapolenga kwa mita 200, zote kati ya 139 na 162 hushuka sentimita 20 hivi kwa mita 300, na tofauti yao haifiki upana wa vidole viwili.

Kosa tunalolichukia ni kubadili boksi bila kurekebisha darubini ya kulengea. Kichwa cha uzito mwingine hugonga mahali pengine, hata kikitoka kiwanda kilekile. Safisha mtutu kabla ya kuhamia shaba. Kisha piga tatu kwa mita 100, acha mtutu upoe hadi ushikike kwa mkono, piga tatu tena, na urekebishe darubini hadi kundi la matundu likae sentimita 4 juu ya unapolenga. Hapo mita 200 itakuwa katikati. Thibitisha kwa kupiga mita 200 kwenyewe. Nunua maboksi matatu kwa pamoja yenye namba moja ya toleo: moja na nusu ya kurekebishia na kufanyia mazoezi, iliyobaki ya msimu.